MLIMA USIOFIKIWA NA GARI
Maoni juu ya safari ya Mahale kutoka Kibondo na Kasulu

Imekuwa desturi yetu kuiona hifadhi ya taifa kuwa ni mahali pa wageni. Mgeni hutoka ng'ambo, hupanda ndege ndogo, hutua karibu na mlima, hupiga picha, kisha hurudi kwao na kuandika kitabu. Mwenyeji anayeishi safari ya siku moja au mbili kutoka mlima huo husoma habari zake katika kitabu cha mgeni, au hasomi kabisa. Methali yetu yasema kwamba penye miti hapana wajenzi. Nadhani hakuna pahali ambapo methali hiyo inatimia wazi zaidi kuliko katika nyanda za juu za Kigoma, ambako kijana wa Kibondo au Kasulu anaweza kumaliza masomo yake yote ya sekondari bila kuiona Milima ya Mahale, ingawa imo katika mkoa wake mwenyewe.

Zamani palikuwa na udhuru, nao ulikuwa udhuru wa kweli. Barabara za Buha zilikuwa za udongo mwekundu, na mvua zilipoanza mwishoni mwa Oktoba lori liliweza kukwama siku mbili katika tope. Leo hali inabadilika. Katika miaka ya karibuni barabara kuu inayotoka Nyakanazi, kupita Kakonko na Kibondo hadi Kasulu, imekuwa ikiwekwa lami. Mwendo uliokuwa wa kutwa nzima sasa ni wa saa chache. Basi swali linalotukabili ni hili: barabara hii itatupeleka wapi? Je, itakuwa ni njia ya kupitishia mahindi, maharage na mkaa tu, au itakuwa pia njia ya kuwafikisha wenyeji kwenye elimu iliyo mlimani kwao?

Maoni yangu ni mawili, na nitajaribu kuyatetea hapa. Kwanza, safari ya Mahale inapasa kuwa sehemu ya elimu ya sayansi kwa vijana wa Kibondo na Kasulu, nayo ihesabiwe kuwa imeanza pale gari linapoondoka, si pale linapofika. Pili, barabara iletwe hadi karibu na mpaka wa hifadhi na iishie hapo. Ndani ya mlima pabaki pa kutembea kwa miguu kama palivyo sasa.

Darasa lililo njiani

Tuanze na safari yenyewe. Msafiri anayetoka Kibondo huanza katika nyanda za juu. Ardhi ya Mkoa wa Kigoma hupanda kutoka mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari kandokando ya ziwa, hadi mita 1,750 hivi katika vilima vya kaskazini. Kibondo na Kasulu zimo katika sehemu hiyo ya juu, na ndiyo sababu asubuhi zake ni za baridi na migomba yake hustawi.

Kwa sehemu kubwa ya njia gari hupita katika miombo. Mtu asiyejua husema kwamba ameona pori tu. Lakini pori hilo ni kitabu. Mwezi wa Septemba na Oktoba, kabla ya tone la kwanza la mvua kuanguka, miombo huchipua majani mapya, nayo huwa mekundu kama shaba. Mti umepata wapi maji ya kuchipulia wakati nchi imekauka miezi minne? Umeyapata katika akiba iliyo chini ya ardhi na katika shina lake. Je, mwanafunzi aliyesoma habari za mizizi ubaoni ameelezwa jambo hili? Na kama ameelezwa, amelionyeshwa?

Mvua za kwanza zinaponyesha, akina mama na watoto huokota uyoga porini, na mwingine huuzwa barabarani. Uyoga nao una somo lake. Aina nyingi za uyoga wa miombo huishi kwa ushirika na mizizi ya miti: uyoga huupatia mti maji na madini kutoka udongoni, na mti huulipa uyoga kwa sukari iliyotengenezwa na majani. Uyoga mwingine, ule mkubwa unaoota juu ya vichuguu, hulimwa na mchwa wenyewe katika vyumba vyao vya chini. Kwa hiyo mtu anayekata miombo ili kuchoma mkaa hapotezi kuni peke yake. Amekata na uyoga wa mwaka ujao, na amekata na maua ambayo nyuki wangeyatumia kutengeneza asali, ambayo ni mojawapo ya mali za Kibondo na Kasulu. Hesabu hiyo haiandikwi juu ya gunia la mkaa linalosimamishwa kando ya barabara, lakini ni hesabu ya kweli.

Kati ya Kibondo na Kasulu barabara huvuka Mto Malagarasi. Mto huu hutoka katika vilima vya mpakani mwa Burundi, huzunguka kwa upande wa mashariki kupitia mabwawa makubwa ya Moyowosi, kisha hugeuka magharibi hadi Ziwa Tanganyika. Mabwawa hayo ndiyo yaliyoandikishwa mwaka 2000 kuwa ardhioevu ya kwanza ya Tanzania yenye umuhimu wa kimataifa, chini ya Mkataba wa Ramsar. Humo huishi nzohe, yule mnyama mwenye kwato ndefu za kukanyagia matope, na ndege mkubwa wa kijivu ambaye mdomo wake umefanana na kiatu.

Jambo la ajabu zaidi ni umri wa mto wenyewe. Wataalamu wa samaki wameona kwamba baadhi ya samaki wa Malagarasi wana ndugu zao katika Mto Kongo, ng'ambo ya pili ya ziwa. Imewezekanaje? Jibu linalokubaliwa na wengi ni kwamba mto ni wa kale kuliko ziwa. Kabla Bonde la Ufa halijapasuka, maji ya Malagarasi yalitiririka moja kwa moja hadi Kongo. Ardhi iliposhuka, mamilioni ya miaka iliyopita, ziwa likazaliwa katikati ya njia na kuukata mto vipande viwili. Samaki wakabaki kuwa mashahidi. Kijana anayesimama darajani, akatazama maji yale ya rangi ya udongo, anatazama kitu kilichotangulia Ziwa Tanganyika. Nani asiyependa kuambiwa hivyo akiwa na umri wa miaka kumi na sita?

Na rangi hiyo ya maji pia ni somo, ingawa si la kufurahisha. Udongo unaoufanya mto kuwa mwekundu wakati wa masika ni udongo wa mashamba ya vilimani. Unaposhuka hadi ziwani hutanda juu ya miamba ambako samaki wadogo wa pwani hula ukoga. Ziwa Tanganyika lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya sato, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Hivyo jembe linalolimwa kwa kufuata mteremko huko Kasulu lina mkono mrefu: lafika hadi chini ya maji.

Mambo haya hayatakiwi kufichwa msafiri, wala hayatakiwi kusemwa kwa kulaumu wakulima. Ardhi ya Buha imebeba mizigo mingi. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma ilianza kuhamishia watu katika vijiji. Kisha kwa miongo kadhaa wilaya hizi zimewapokea wakimbizi waliokimbia vita vya Burundi na Kongo. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996, na Kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa upya mwaka 2015. Watu walio wengi namna hiyo wanahitaji kuni za kupikia kila siku, na miti iliyo karibu ndiyo iliyolipa gharama. Ukarimu wa Waha ni sifa yao, na sayansi haiwezi kuwaambia wangefunga mlango. Inachoweza kufanya ni kupima gharama hiyo na kusema tutairudishaje. Kupima huko kwaanza na kuona, na kuona kwaanza na safari.

Mlima na kazi yake

Kutoka Kasulu gari hushuka kuelekea Kidahwe, kisha hugeuka kusini kupitia Simbo na Ilagala, ambako msafiri huvuka Malagarasi kwa mara ya pili, sasa mto ukiwa mpana na mtulivu, ukikaribia kumwagika ziwani. Barabara hufuata upande wa ziwa kupitia vijiji kama Sunuka na Buhingu. Kufika hapo msafiri yumo katika Wilaya ya Uvinza, iliyoanzishwa mwaka 2012. Kutoka vijiji vya huko safari huendelea kwa mashua. Milima huonekana ikiinuka kutoka majini kama ukuta.

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale ilitangazwa mwaka 1985. Ina eneo la kilomita za mraba 1,613, na mpaka wake huingia ndani ya ziwa kwa upana wa kilomita 1.6, ili samaki nao walindwe. Kilele cha Nkungwe kina urefu wa mita 2,462 juu ya usawa wa bahari. Uso wa ziwa uko mita 770 hivi. Maana yake ni kwamba mtu aliyesimama ufukoni ana mlima wa mita zipatazo 1,700 juu ya kichwa chake, na akigeuka nyuma ana ziwa ambalo penye kina kirefu kuliko pote hufika mita 1,470. Nguvu ileile iliyoshusha sakafu ya Bonde la Ufa ndiyo iliyoacha kingo zake zikiwa juu.

Mlima huu una kazi. Upepo unaopita juu ya ziwa hubeba unyevu. Ukigonga mlima hulazimika kupanda, hupoa, na unyevu wake hugeuka kuwa ukungu na mvua. Ndiyo sababu miteremko ya magharibi ya Mahale ina msitu mnene wa kijani na vijito visivyokauka, hali upande wa mashariki kuna miombo na nyasi. Juu zaidi kuna mianzi na msitu wa baridi. Kwa hiyo katika mwendo wa siku moja kwa miguu mwanafunzi hupita katika namna nne au tano za uoto, ambazo katika kitabu chake cha jiografia zimetawanyika katika kurasa nyingi.

Watongwe, wenyeji wa asili wa milima hii, waliiheshimu Nkungwe kuwa ni makao ya mizimu, na heshima hiyo ilikuwa na kanuni zake za kutokata na kutochoma mahali fulani. Walipoondoka mlimani ili hifadhi iweze kuwekwa, walikiacha kitu kikubwa. Haifai kusimulia habari za Mahale kana kwamba mlima ulikuwa mtupu mpaka siku bango la hifadhi liliposimamishwa.

Sayansi iliyofanywa kwa macho ya wenyeji

Dunia inaijua Mahale kwa sababu ya sokwe. Mwaka 1965 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walianza utafiti wa kudumu mahali paitwapo Kasoje, chini ya miteremko ya Nkungwe. Kiongozi wao uwanjani alikuwa Toshisada Nishida. Miaka mitano kabla yake, mwezi wa Julai 1960, Jane Goodall alikuwa ameanza kazi yake Gombe, kaskazini ya mji wa Kigoma. Gombe ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Goodall alifariki dunia mwezi wa Oktoba 2025 akiwa na umri wa miaka 91. Mkoa wa Kigoma basi una vituo viwili miongoni mwa vile vilivyowatazama sokwe wa porini kwa muda mrefu kuliko vyote duniani, nao ndio mpaka wa mashariki kabisa wa nchi ya sokwe. Mashariki ya Ugalla hakuna tena sokwe wa asili.

Kuwapo kwa vituo viwili kumezaa elimu ambayo kimoja peke yake kisingeizaa. Mwaka 1978 wataalamu wawili waliotembelea pande zote mbili walichapa habari ya kustaajabisha. Sokwe wa Mahale wanaposafishana manyoya, mara nyingi wawili hushikana mikono juu ya vichwa vyao, kila mmoja akimsafisha mwenziwe kwa mkono uliobaki. Sokwe wa Gombe, ambao ni wa jamii moja nao, hawafanyi hivyo. Aidha, wale wa Gombe huvua mchwa katika vichuguu kwa kutumia vijiti, na wale wa kundi maarufu la Mahale huvua chungu waishio ndani ya miti. Tofauti hizo haziwezi kuelezwa kwa chakula wala kwa hali ya hewa peke yake. Zafanana na kile ambacho kwetu sisi tungekiita mila.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mwaka 1987. Mtafiti Michael Huffman alikuwa akimfuata sokwe jike aliyekuwa mgonjwa. Pamoja naye alikuwapo Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyefanya kazi hifadhini na aliyejua dawa za miti kutoka kwa wazee wake. Sokwe yule alivunja tawi la kichaka kichungu, akamenya ganda lake, akatafuna kiini na kunyonya utomvu. Mgeni aliuliza mmea ule ni nini. Kalunde alimweleza kwamba Watongwe huuita mjonso, na kwamba ni dawa yao ya tumbo na homa. Sokwe huula kwa nadra, na huyu alikuwa mgonjwa. Siku iliyofuata hali yake ilikuwa imeanza kurudi. Habari hiyo ilichapwa mwaka 1989 kwa majina ya wote wawili, na baadaye uchunguzi wa maabara ulionyesha kwamba mmea huo una kemikali zinazodhuru minyoo. Huo ukawa mmojawapo wa misingi ya tawi la elimu linalochunguza jinsi wanyama wanavyojitibu.

Ndugu msomaji, angalia jambo hilo vizuri. Mgeni alikuwa na swali, daftari na mbinu za kupima. Mwenyeji alikuwa na elimu ya mmea. Kama mmoja wao asingekuwapo siku hiyo, sokwe angekula jani lake na msitu ungenyamaza. Mmea huo haukui Mahale peke yake. Huota pia kandokando ya mashamba na nyumba katika sehemu nyingi za nchi yetu, na mabibi wengi wanauchemsha. Je, ni vijana wangapi wanaokunywa dawa hiyo wakikunja uso, bila kuambiwa kwamba sokwe wa mkoa wao waliifanya iandikwe katika majarida ya dunia?

Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kudai kwangu kwamba vijana wa Kibondo na Kasulu wapelekwe mlimani. Siwaombei matembezi ya kujifurahisha, ingawa furaha si kosa. Nawaombea nafasi ya kuwa akina Kalunde wa kesho, ambao watakuwa na elimu ya mmea na daftari pia.

Mahali pa kuizuia barabara

Wapo watakaosema: kama safari ni njema, basi ifanywe rahisi kabisa. Barabara isiishie kijijini, ipande mlimani; mabasi yafike mpaka chini ya miti ya sokwe; wageni waongezeke, na fedha ziongezeke. Hoja hii haifai kudharauliwa, maana fedha za hifadhi zinahitajiwa na vijiji vya jirani vina haki ya kuona faida. Hata hivyo naipinga, kwa sababu tatu.

Ya kwanza ni maradhi. Sokwe yu karibu sana nasi kwa damu, hata mafua yetu humfaa yeye pia, ila yeye hana kinga tuliyoizoea. Gombe iliona ugonjwa wa kupooza kati ya sokwe mwaka 1966, wakati ambapo ugonjwa huo ulikuwapo pia kwa binadamu wa jirani. Mahale, mwaka 2006, maradhi ya njia ya hewa yaliingia katika kundi linalotembelewa na wageni, na sokwe kadhaa walikufa. Uchunguzi ulikuta dalili za virusi vya jamii inayowapata binadamu. Ndiyo maana leo mgeni huvaa barakoa, husimama mbali kiasi cha mita kumi, hukaa saa moja tu, na kundi la wageni halizidi watu sita kwa mara moja. Kanuni hizo huwezekana kwa sababu wageni ni wachache na hufika kwa miguu. Nani ataweza kuzisimamia mbele ya mabasi matano yaliyojaa watu wenye haraka ya kurudi kabla ya jioni?

Ya pili ni moto na shoka. Kila barabara ya msituni huzaa njia ndogo, na kila njia ndogo huzaa tanuri la mkaa. Kosa halimo katika tabia ya mtu fulani. Bei ya gunia hupanda pale gari linapofikia. Aidha, sokwe wengi wa Tanzania huishi nje ya hifadhi za taifa, katika misitu ya Masito, Ugalla na Utongwe. Mahale ikitengwa na misitu hiyo kwa mashamba na barabara, itakuwa kama kisiwa. Wanyama wa kisiwani huoana wao kwa wao, na ugonjwa ukiingia hakuna pa kukimbilia wala pa kuletewa damu mpya.

Ya tatu ni ya elimu yenyewe. Mlima unaopandwa kwa gari hauonekani. Mambo niliyoyataja, yaani mabadiliko ya uoto, ubaridi unaoongezeka, sauti ya vijito, alama ya mkono wa sokwe juu ya shina la mti, yote yaelezwa kwa mwendo wa miguu. Wazee walisema mwenda pole hajikwai. Katika sayansi mwenda pole ndiye anayeona.

Basi barabara nzuri ifike vijijini, maana wanakijiji wanahitaji hospitali, soko na shule kabla ya mgeni kuhitaji mlima. Hapo iishie. Na vijiji hivyo vya mpakani ndivyo viwe mahali pa kulala wasafiri, pa kula wali na migebuka, na pa kupata waongozaji, ili ile methali ya mgeni njoo mwenyeji apone iwe kweli.

Lifanyike nini

Nimekwisha kusikia swali la mwalimu: fedha ziko wapi? Shule ina upungufu wa madawati, nawe wasema habari za mashua na sokwe. Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba si lazima kila mwanafunzi afike Mahale, wala si lazima kila anayefika awaendee sokwe, ambako kanuni haziruhusu makundi makubwa. Yafaa tupange kwa ngazi.

Ngazi ya kwanza haina gharama kubwa. Kila shule iliyo kando ya barabara ya Kibondo na Kasulu ichague msitu, kijito au daraja moja, na wanafunzi walipime kila mwezi: siku ambayo miombo imechipua, siku uyoga wa kwanza ulipoonekana, rangi ya maji ya mto katika chupa safi, kiasi cha mvua katika kopo. Vitu hivi havihitaji maabara. Baada ya miaka kumi daftari la shule kama hiyo litakuwa na thamani ambayo hakuna mgeni anayeweza kuinunua, kwa sababu hakuwapo.

Ngazi ya pili ni safari yenyewe, kila kiangazi, kati ya Juni na Septemba, kwa kundi dogo la wanafunzi na walimu waliochaguliwa kwa sababu ya madaftari yao wala si kwa sababu ya mifuko ya wazazi wao. Kiingilio cha mwananchi ni kidogo mara nyingi kuliko cha mgeni. Gharama iliyo nzito ni gari, mafuta na mashua. Halmashauri za wilaya, hifadhi na taasisi za utafiti zinaweza kugawana mzigo huo. Wale wasioweza kufika Mahale wanaweza kufika Gombe, iliyo karibu zaidi kwa mtu wa Kasulu.

Ngazi ya tatu ni ya wanasayansi. Utafiti mwingi wa Mahale na Gombe umechapwa kwa Kiingereza na Kijapani. Watafiti wanaopata kibali cha kufanya kazi katika nchi yetu wanapaswa kuacha nyuma yao maelezo ya Kiswahili, mafupi na ya wazi, ambayo mwalimu wa Kakonko au Buhigwe ataweza kuyasoma darasani. Hatuwadai fadhila. Ni malipo ya deni kwa nchi iliyowapa maswali yao, na kwa watu waliowatajia majina ya miti.

Kizazi kilichopita kililazimika kuilinda Mahale kwa sababu ilikuwa mbali. Umbali wenyewe ulikuwa mlinzi: mvua, tope na ziwa vilisimama mlangoni. Mlinzi huyo sasa anaondoka, na lami ndiyo inayomwondoa. Hatuwezi kumrudisha, wala hatupaswi kutamani tope lirudi. Tunachoweza ni kuweka mlinzi mwingine mahali pake, naye ni watu wanaoujua mlima. Mtu hulinda anachokijua, na hukijua kile alichokwenda kukiona kwa macho yake. Barabara ile ile itakayobeba magunia inaweza kubeba wanafunzi. Uamuzi wa nani apande gari hilo kwanza ni wetu, nao unafaa kufanywa sasa, kabla kiangazi kingine hakijapita.